Konisi inaachia, inapasuka, kona hazikutani: tuanze na ukuta kwanza

Konisi, ule mkanda wa urembo unaobandikwa pale ukuta unapokutana na dari, ni mmbea. Ukuta uliopinda ukiuangalia mtupu huoni kitu, macho yameshauzoea, lakini ukishabandika juu yake mkanda ulionyooka wa mita 2 ndo unaanza kuona kumbe aliyepiga plasta alikuwa anaenda kama nyoka, na dari nayo imeshuka upande mmoja, na ile kona uliyoiamini kuwa digrii 90 wala sio 90. Mtu anaona mwanya, anaona ufa, anasema konisi mbovu anaenda kununua nyingine, na ile nyingine nayo inafanya vilevile. Mimi nimefunga za kwangu, nimetoa na kurudishia za ndugu na marafiki, na konisi yenyewe kuwa ndo mkosaji nimeona mara chache sana. Kosa linakuwa kwenye ukuta, au kwenye gundi, au kwenye namna kipande kilivyokatwa. Kwa hiyo hapa tunaenda kwa dalili, angalia ya kwako inafanana na ipi.

Kwanza ujue una konisi ya nini maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Bonyeza kwa ukucha sehemu isiyoonekana. Ikibonyea kirahisi na ni nyepesi kama haipo, hiyo stairofomu. Nyepesi ila ngumu, ukucha unateleza, hiyo poliyurethani. Ya baridi, nzito, ukiikwaruza inatoa unga mweupe, jipsam. Unga laini wa kahawia ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), ukiona nyuzi za mti ni mbao, na ile ukiigonga inalia kama bomba la plastiki ni PVC.

Na nyumba ikiwa ya zamani nenda taratibu kabla hujaanza kubomoa. Silingi bodi za zamani za saruji nyingi zilichanganywa na asbesto, hata zile dari za rangi nene ya vipele zipo zenye asbesto, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Ukiwa na wasiwasi usitoboe, usivunje, usipige msasa mkavu mpaka mtu anayejua apime. Hapo hakuna cha kusema nitajifunga kitambaa puani.

Imeachia, au imedondoka kabisa

Okota kipande kilichodondoka, kigeuze, angalia gundi imebaki upande gani. Watu wanaruka hatua hii, wanapaka gundi nyingine wanarudisha, baada ya mwezi imedondoka tena, wakati nyuma ya kipande kila kitu kiko wazi.

Kama gundi imetoka na utando wa rangi au chokaa ya ukuta, gundi ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ukuta ndo uliokataa. Yaani ulibandika konisi kwenye rangi, na rangi yenyewe haikuwa imeshika ukuta. Chokaa na zile rangi za unga ambazo ukipitisha mkono unatoka mweupe ni kesi ya kila siku. Kipimo ni rahisi, bandika selotepu ukutani, ikandamize, ivute kwa ghafla, ikija na rangi usibandike kitu hapo. Kwangua mpaka ufike kwenye kitu kigumu, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, paka praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha), ndo ubandike. Na ukuta uliopakwa rangi ya mafuta inayong'aa nao una shida yake, rangi imeshika vizuri ila ni laini mno, gundi haina pa kung'ang'ania, huo upige msasa au uukwaruze kwa ncha ya kitu chenye makali ile sehemu tu konisi itakapokaa. Sehemu gani? Shika kipande juu, piga mstari kwa penseli chini yake na kwenye dari kuzunguka chumba chote, kazi yote inafanyika ndani ya hiyo mistari miwili.

Kama gundi yote imebaki ukutani na mgongo wa konisi ni msafi kama umeoshwa, basi ama mgongo ulikuwa na vumbi la kukatia (hii ni kawaida sana, mtu anakata, hafuti, anapaka gundi juu ya unga) ama gundi ilishaanza kufanya ngozi juu kabla hujaibandika. Gundi za kwenye tyubu zina muda wake umeandikwa pale pale, usipake vipande vitano alafu ndo uanze kupanda ngazi. Paka kimoja, bandika kimoja.

Kama gundi yenyewe ndo imepasuka katikati, nusu huku nusu kule, kuna kitu kilitikisika wakati inakauka. Konisi nzito haiwezi kubaki juu kwa gundi peke yake ile saa ya kwanza, lazima iwe na kitu cha kuishikilia, misumari miwili midogo chini ya ukingo wake ukutani ya kuitegemeza, unaing'oa baadaye unaziba matundu. Na jipsam kubwa usiiachie gundi tu maisha yote, weka na skrubu zisizopata kutu, ziingie kwenye mbao au chaneli za dari au kwenye fisheri za ukutani. Skrubu inayoingia kwenye jipsam bodi tupu haijashika kitu, inakudanganya.

Jipsam ina mambo yake mengine. Ile gundi yake ya unga unayokoroga na maji ukishaona inaanza kukaza kwenye ndoo usiongeze maji ukakoroga tena, ukifanya hivyo unavunja ile fuwele inayojijenga na itakauka iwe kama biskuti, inavunjika kwa kidole. Mwaga. Koroga kidogo kidogo. Na kama kila ukikoroga inakaza haraka mno kabla hujafika juu ya ngazi angalia ndoo yako, mabaki ya jipsam iliyokauka yakibaki kwenye ndoo au kwenye mwiko yanaiharakisha ile mpya kukaza, mtu anadhani kauziwa unga mbovu kumbe hajaosha ndoo. Alafu kuna kunyonya maji: ukuta wa plasta mkavu na mgongo wa konisi kavu vinanyonya maji ya gundi ndani ya sekunde, gundi inabaki unga. Nyunyizia au pitisha brashi yenye maji pande zote mbili kabla ya kupaka, usiloweshe, unyevu tu.

Sasa stairofomu, hapa nilishaumia mwenyewe. Nilichukua gundi iliyokuwa imebaki kwenye kazi nyingine, ile yenye harufu kali ya kuumiza kichwa, nikapaka mgongoni mwa kipande, nikapanda ngazi, nafika juu naona mkononi kipande kinazama katikati kama mshumaa, nikadhani nimekibana sana. Nikapaka cha pili. Nacho kikazama. Kumbe viyeyusho vya aina ya asetoni na toluini vinaila stairofomu, haibaki kitu. Tumia gundi ya maji, isiyo na viyeyusho hivyo, au ile iliyoandikwa kabisa kwamba inafaa kwa stairofomu, na rangi hivyohivyo, rangi ya maji tu, ya mafuta na za kopo la kupuliza nyingi zinaila. Kwa hiyo dalili ikiwa ni "konisi imefanya mashimo mashimo baada ya kupaka rangi" usitafute wadudu, ni rangi. Na kwa kuwa stairofomu inashika moto, juu ya jiko na karibu na taa zinazochemka isikae.

Kona hazikutani

Hii ndo inayowatoa watu machozi, na tunakaa hapa muda kidogo.

Dalili ya kwanza: umekata vipande viwili, unavikutanisha, vinaangaliana kinyume kabisa, haviingiliani kwa namna yoyote. Hujapima vibaya, umekikata kipande kikiwa kimelala upande usio wake. Konisi inakaa kwa kuegama kati ya ukuta na dari, kwa hiyo kwenye boksi la kukatia pembe (lile lenye mifereji ya kuongoza msumeno) nayo inatakiwa iegame hivyohivyo, ila kichwa chini miguu juu: ukingo wa darini unakaa kwenye sakafu ya boksi, ukingo wa ukutani unaegemea ubao wa nyuma. Andika kabisa kwa penseli mgongoni mwa kila kipande, DARI upande huu, UKUTA upande huu. Utajiona mjinga kuandika lakini ukishaharibu vipande vitatu utaandika tu.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndo mrefu, wa darini ndo mfupi. Kona ya nje, ile inayochomoza, ni kinyume, wa darini ndo mrefu. Ukikumbuka hilo hata ukichanganyikiwa kulia na kushoto utajirekebisha kabla ya kukata. Na ndo maana kipimo cha urefu kati ya kona mbili za ndani kinapimwa ukutani na kuhamishiwa kwenye ukingo wa ukutani, ukihamishia kwenye ukingo wa juu kipande kitatoka sicho.

Dalili ya pili: vinaingiliana ila kuna mwanya. Hapa kabla hujakata tena angalia kama vipande vimekaa sawa, maana konisi ikiwa imebinuka kidogo, ukingo mmoja haujagusa ukuta au dari vizuri, mwanya unatokea hata kama mkato ni safi. Ile mistari ya penseli niliyosema mwanzo ndo kazi yake, kipande kikikaa ndani ya mistari yote miwili kimekaa sawa. Kikikaa sawa na mwanya bado upo, soma mwanya wenyewe. Kwenye kona ya ndani, vikigusana kule nyuma ukutani alafu vikafunguka kuja mbele, kona yako ni zaidi ya 90. Vikigusana mbele na nyuma pana uwazi, kona ni chini ya 90.

Basi pima. Kama huna kifaa cha kupimia pembe chukua vibao viwili vifupi vilivyonyooka, vifunge na skrubu moja kama mkasi, vifungue mpaka vilale kwenye kuta zote mbili, kaza, shusha, pima kwa ile duara nusu ya wanafunzi. Tuseme umepata 92. Nusu yake 46. Wengi wanaenda kuweka msumeno kwenye 46 na mwanya unakuwa mkubwa kuliko mwanzo, wanatukana. Msumeno mwingi unahesabu mkato wa mraba (ule ulionyooka, usio na mshazari) kuwa ndo sifuri, kwa hiyo unachotakiwa kuweka ni 90 kutoa 46, yaani 44. Kona ikiwa 88, nusu ni 44, unaweka 46. Kwenye kona ya 90 kamili hesabu zote mbili zinatoa 45 ndo maana hakuna aliyewahi kukwambia tofauti.

Kama konisi yako ni pana haiingii kwenye boksi na unaikata kwa mashine ikiwa imelala, basi unahitaji pembe mbili kwa pamoja, meza inageuka na kisu kinalala. Weka konisi kwenye pembe ya mraba kama inavyokaa, pima imeshuka ukutani kiasi gani na imetoka darini kiasi gani. Vikilingana, kwa kona ya 90 unageuza meza 35.3 na kulaza kisu 30. Ikiwa inashuka zaidi kuliko inavyotoka huenda ni ile inayoegama digrii 38 kutoka ukutani, hiyo meza 31.6 na kisu 33.9. Hizi namba zilinikaa kichwani baada ya kuharibu mbao ambayo sipendi kuikumbuka.

Hata hivyo kwa mbao na MDF mimi kona za ndani siziungi kwa kukata pande zote mbili pembe. Kipande cha kwanza nakikata mraba kinaingia mpaka kwenye kona kinagonga ukuta basi. Cha pili nakikata kwanza 45 ili umbo lake lijichore kwenye ukingo, alafu nafuata ule mchoro kwa msumeno mwembamba wa kukatia nakshi, nikiulaza kidogo kuelekea nyuma ili mbele pabaki ncha kali. Kinakuja kukaa juu ya kile cha kwanza kama kimeumwa pale. Kona ikiwa 88, ikiwa 93, haijali, na mbao ikisinyaa haionyeshi mwanya haraka. Kinachukua muda ndio. Jipsam na stairofomu usijaribu hivi, zinameguka, zenyewe zinaungwa kwa pembe na kuzibwa.

Na kama una kona za ajabu ajabu nyingi, kuna vile vipande vya kona vilivyotengenezwa tayari, unabandika kwenye kona alafu mikanda inakatwa mraba tu inakuja kugonga pale. Mafundi wengine wanaona ni kukwepa kazi. Mimi naona ni akili, ila angalia kama umbo lake linaendana na mkanda, vikitofautiana inaonekana kama kiraka.

Ah na kitu kingine, kabla ya kukata kipande kirefu kata vipande viwili vya majaribio vya sentimita 30 hivi, uvizungushe kwenye kona zote za chumba moja baada ya nyingine na kuandika ukutani kila kona ilitaka digrii ngapi. Nusu saa inaisha hapo lakini hurudi kununua mkanda wa ziada.

Nyufa: sema ufa uko wapi nikwambie sababu

Ufa wa kwenye jointi, pale vipande viwili vinapoungana katikati ya ukuta. Karibu kila mara ni kwamba vilikutanishwa vikavu, fila (ile ya kuzibia mianya) ikapakwa juu juu ya uso. Ncha zote mbili zinatakiwa zipate gundi ndani kabisa, zibanwe, ile inayotoka ifutwe. Na mkato wa mraba kwa mraba kwenye mbao na MDF ni mbaya, kata kwa kulaza 45 kimoja kipande juu ya kingine, kikisinyaa kidogo unaona mbao badala ya kuona pengo, na jointi hiyo iangukie sehemu yenye mbao ya kupigilia sio hewani. Ukirekebisha ufa wa hivi usipake juu, uchimbue kwa ncha ya kisu uwe kama herufi V, toa vumbi, jaza, acha ikauke, jaza tena maana fila inasinyaa, ndo msasa.

Ufa ulionyooka mrefu upande wa ukuta au upande wa dari. Huo sio wa konisi, ni ukuta na dari vinatembea kila kimoja kwa wakati wake na konisi imeshikwa mikono yote miwili. Kama ni mdogo kama unywele, fila ya akriliki ya kwenye tyubu inatosha kwa sababu inanyumbulika, ile puti ngumu ya ukutani ukiweka hapo itapasuka tena. Mwanya hadi milimita 5 hivi akriliki inaumudu, zaidi ya hapo inazama na kupasuka katikati, jaza kwanza kwa plasta au fila ngumu kwa tabaka alafu akriliki iwe ya mwisho.

Ufa unaofunguka na kujifunga kwa msimu ni habari nyingine. Ukiziba wakati umefunguka, ukija kujifunga fila inabinuka nje kama mdomo. Mbao na MDF zinavuta unyevu wa hewa na kuuachia, zinavimba na kusinyaa, ndo maana mbao inatakiwa ilale ndani ya chumba itakapofungwa siku kadhaa ikiwa haijapigwa msumari, izoee. Na kwenye nchi zenye baridi kali kuna ile ya kenchi za paa kujikunja juu wakati wa baridi, dari inanyanyuka nayo katikati ya nyumba, konisi iliyopigiliwa ukutani inabaki chini na mwanya wa kutisha unatokea, joto likirudi unafunga wenyewe. Hiyo huwezi kuishinda kwa fila. Unachofanya unaipigilia konisi kwenye dari tu, ukutani usiishike kabisa, dari ikinyanyuka inaondoka nayo na kuteleza juu ya ukuta, na ukuta upakwe rangi ileile mpaka juu nyuma ya konisi ili ikipanda pasionekane mstari.

Ufa wa kukatiza konisi yenyewe katikati, tena ya jipsam, sio kwenye jointi. Ama ililazimishwa kufuata dari iliyopinda kwa kubanwa na skrubu, ama skrubu ilikazwa mpaka ikaivunja. Legeza, weka kipande chembamba cha mbao nyuma palipo na uwazi, jaza ufa. Ila ufa huo ukiendelea kushuka mpaka kwenye ukuta, au ukiona unapanuka mwezi hadi mwezi, achana na konisi, ita mtu wa majengo aangalie ukuta.

Rangi na fila vimekataana

Rangi inajikusanya vijitone juu ya fila, haikai. Umeweka silikoni. Silikoni ya kawaida haishiki rangi, hata upake mara kumi. Hakuna ujanja, ikwangue yote, futa mabaki, weka akriliki iliyoandikwa inapakwa rangi. Na kama ni akriliki lakini rangi imepasuka vipande vidogo vidogo juu yake, ulipaka kabla haijakauka ndani, juu ilikuwa imefanya ngozi tu.

MDF imekuwa na manyoya sehemu ulizokata, au kuna vivimbe kama chunusi palipopigwa msumari. Ncha zilizokatwa zinanyonya maji ya rangi zinavimba, zipake praima isiyo ya maji kwanza, kisha msasa mwembamba, ndo rangi. Vivimbe vya misumari vikwangue kwa kisu vilale, usizibe juu ya kivimbe.

Jointi zinaonekana jioni mchana hazionekani. Hiyo ni taa inayomulika kwa ubavu, inaonyesha hata unene wa karatasi. Ukipiga msasa piga ukiwa umeshika tochi imelala kwenye dari, utaona chote kabla ya rangi kuliko kuona baada.

Madoa

Doa la njano au kahawia lenye ukingo kama ramani ni maji. Yanatoka juu, paa au bomba, na yanaweza kuwa yameingilia mbali na hapo unapoona doa maana maji yanafuata mbao kabla ya kudondoka. Zungushia doa penseli, subiri mvua, likivuka mstari bado linavuja. Usipake rangi ya maji moja kwa moja, doa litapenya tena, paka kwanza praima ya kuzuia madoa. Jipsam iliyolowa muda mrefu hata ikikauka ikague kwa kidole, ikiwa laini ikate ile sehemu utoe. Vidoa vidogo vya kutu vyenye nafasi sawa ni misumari ya chuma cha kawaida.

Doa jeusi la ukungu kwenye kona bila dalili ya kuvuja ni hewa ya mvuke inayokutana na kona baridi, bafuni na jikoni zaidi. Kubadilisha konisi haisaidii, toa hewa nje. Huko bafuni poliyurethani au PVC ndo zinavumilia.

Imekaa vizuri lakini haipendezi

Hii nayo ni tatizo jamani, tena la gharama zaidi maana hakuna kilichovunjika. Konisi inapotea haionekani, au imekuwa kubwa mpaka chumba kimeshuka. Kwa makadirio tu, dari ya mita 2.4 inabeba konisi ya kimo cha sentimita 7 mpaka 12 hivi, dari ya mita 3 inaweza kwenda 13 mpaka 20. Lakini usinunue kwa namba peke yake, omba kipande kifupi au kata boksi la karatasi ngumu kwa kimo hicho, libandike kwenye kona, toka chumbani, rudi uone. Chumba kidogo chenye dari ya chini na konisi yenye maua mengi kinakuwa kama kimevaa koti la mtu mwingine.

Kuna na ile ya "konisi imepinda" wakati konisi imenyooka kabisa, ila dari ndo imeshuka upande mmoja. Ukiweka pima maji na kufuata levo, mwanya kati yake na dari unaonekana kama kabari na jicho linaenda hapo hapo. Dari ikiwa imeshuka kidogo fuata dari. Ikiwa imeshuka sana gawana, konisi ishuke nusu ya ile tofauti na nusu iliyobaki jaza kwa plasta ukiisambaza mbali juu ya dari, sio kuijaza kwenye mwanya tu.

Na walioweka taa za mkanda nyuma ya konisi wakaona vitone vya mwanga vimejipanga badala ya mwanga laini, konisi iko karibu mno na dari au taa zinatazamana na dari kwa karibu. Ishushe konisi ipate nafasi ya sentimita 10 hivi, au weka kile kifuniko cheupe cha plastiki juu ya mkanda. Kabla ya kutoboa chochote hapo juu jua nyaya zinapita wapi, mara nyingi zinashuka wima kutoka juu kwenda kwenye swichi na soketi, na zima umeme kwanza.

Unapobadilisha kipande kimoja tu

Usianze kung'oa. Pitisha kisu chenye makali kwenye mstari wa juu na wa chini, kata fila na rangi yote, la sivyo utaondoka na ngozi ya ukuta na karatasi ya silingi bodi. Kata kipande chenyewe katikati utoe nusu nusu kuanzia pale katikati kuelekea kwenye kona ili ncha za majirani zisivunjike. Cha kuweka kikate kirefu kwa milimita moja au mbili, kikunje kidogo kiingie kwa kubana, isipokuwa jipsam ambayo haikunjiki, hiyo ikate kamili uache uwazi mwembamba wa gundi kila upande. Ukihesabia vya kununua zunguka chumba chote kwa tepu alafu ongeza asilimia 10 mpaka 15, chumba cha mita 5 kwa 4 ni mita 18, ukiongeza 10 unapata 19.8, vipande 10 vya mita 2 vinatosha kwenye karatasi, mimi nachukua 11 maana huwa kuna kimoja nakikata kichwa juu.